Njaa Isiyo na Magharibi

Jumapili saa mbili na nusu asubuhi wifi yangu alishuka kwenye mizani, akaketi kibarazani uani bila kusema neno. Mizani ilikuwa imesoma kilo 80.1. Ijumaa ilisoma 78.3. Kati ya namba hizo mbili kulikuwa na harusi hapa hapa Ngamiani, Tanga: sinia la pilau, kuku wa kupaka, kaimati na soda mbili.

Ni mwezi wa nne sasa anahesabu kalori, tangu daktari alipomwambia sukari yake imefika mpakani na akamtaka apunguze uzito. Amepungua kilo sita. Ana daftari la shule lenye safu alizozipigia mistari kwa rula, na mizani ndogo ya jikoni anayoiweka kwenye mkoba kila anapokwenda kulala ugenini. Wiki mbili za mwisho kabla ya harusi uzito ulikuwa umeganda palepale, na jambo hilo lilikuwa limeshaanza kumla moyo.

Alipofungua mdomo alisema kwamba leo hali kitu. Maji tu mpaka kesho, kisha wiki nzima kalori 900 kwa siku badala ya 1,500 alizozoea. Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Tulikuwa wanne: yeye, mdogo wake wa kiume, ambaye ni shemeji yangu na anafundisha mazoezi jimu, mama mkwe wangu, mwenye kisukari, anayejichoma insulini kila siku, na mimi. Nimeyaandika maneno yetu jioni ile ile, nikaondoa marudio. Sikuwa refa. Nilikuwa na upande wangu, na bado ninao.

SHEMEJI: Dada anasema kweli. Mwili unaweka hesabu kama daftari la duka. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori kama 7,700. Ukitaka iondoke, hizo 7,700 lazima zikosekane mahali. Jana amekopa, leo alipe. Njaa ya siku moja haijaua mtu.

MAMA: Usiseme hivyo mbele yangu. Mimi nikichoma sindano nikachelewa kula, natetemeka, jasho la baridi linanitoka, nakuwa kama sijui nilipo. Kuna njaa na njaa, mwanangu.

SHEMEJI: Wewe unatumia insulini, Mama. Mwenye dawa za sukari haruki mlo bila kuongea na daktari wake, hilo nawaambia hata watu wangu wa jimu. Dada hatumii dawa yoyote.

MAMA: Ndiyo nimesema, kuna njaa na njaa. Wewe unaongea kama vile ipo moja.

WIFI: Mimi ninayoijua ni ya saa nne usiku. Mchana kutwa shuleni sisikii kitu. Nafundisha, nasahihisha, nakunywa chai. Watoto wakishalala ndipo inapokuja, na wala haiji tumboni. Inakuja hapa, kooni. Naanza kuuona mkate. Siuwazi, nauona kabisa ulivyokaa kabatini.

MIMI: Mchana unakula nini, wifi?

WIFI: Asubuhi chai na kipande cha mkate. Saa saba ndizi moja au chungwa. Kalori zinazobaki naziweka akiba za usiku.

MIMI: Basi saa nne usiku unakuwa umebeba njaa ya saa kumi na nne, umeishikilia kwa kazi na kelele za watoto wa watu. Ukikaa kimya tu, inakukuta.

SHEMEJI: Au ni mazoea, shemeji. Ubongo umezoea kupewa kitu saa hiyo. Ukiunyima wiki mbili, unanyamaza.

Hapo nikawasimulia habari ya vijana wa Minnesota, maana huwa siwezi kuuzungumzia ulaji wa kujinyima bila kuwakumbuka. Mwaka 1944, vita vya pili vya dunia vikiendelea, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota aitwaye Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa Kimarekani waliokuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao. Walijitolea kushindishwa na njaa ili madaktari wajue namna ya kuwarudishia afya raia wa Ulaya waliokosa chakula. Kwa miezi sita walipewa kalori kama 1,570 kwa siku, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 hivi kila wiki. Walikuwa vijana wenye afya, waliochujwa hasa kwa uimara wa mwili na akili. Miezi haikwenda mingi wakawa hawana mazungumzo ila chakula. Wakasoma vitabu vya mapishi kama wengine wanavyosoma riwaya. Wakaota chakula, wakalamba sahani. Walipoachiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula mpaka tumbo likakataa, na bado wakasema hawajashiba.

MIMI: Waliwekwa kwenye 1,570, wifi. Wewe unataka 900, na kesho asubuhi una vipindi.

SHEMEJI: Hao walianza wakiwa wembamba. Dada ana akiba mwilini. Huwezi kumlinganisha mwenye ghala na asiye na ghala.

Hoja hiyo ina uzito, na sikutaka kuipita. Mwenye mafuta mengi mwilini anaweza kuvumilia upungufu ambao mwembamba hauwezi. Lakini mwenye ghala naye ana mlinzi. Mwaka 1994 iligunduliwa homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta yenyewe na kuuambia ubongo akiba ikoje. Mwaka 1999 watafiti wa Japani wakaigundua ghrelini, inayotoka tumboni na kuamsha hamu ya kula. Akiba ikishuka, leptini inashuka na ghrelini inapanda. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliokuwa na uzito mkubwa na kupunguzwa kwa chakula kidogo sana wiki kumi. Mwaka mzima baadaye homoni zao zilikuwa bado zinavutia upande wa kula, na wenyewe walisema wana njaa kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza. Kwa hiyo "ukiunyima wiki mbili unanyamaza" si kweli kwa kila njaa. Ile ya mazoea hunyamaza, ila hii nyingine huhitaji kulishwa kwa akili.

WIFI: Sasa hapo ndipo unaponivunja moyo. Kama mwili wenyewe unapigana na mimi, nahesabu ya nini?

Nilikosa jibu la haraka. Mama ndiye aliyelitoa, huku anachambua mchicha kwenye ungo, hatutazami.

MAMA: Mbona Ramadhani unafunga siku thelathini, na hili la saa nne usiku linakushinda?

WIFI: Ramadhani ni tofauti, Mama.

MAMA: Tofauti yake nini? Tumbo si ndilo hilo hilo?

WIFI: Ramadhani tunafunga wote. Na unajua saa ngapi utakula.

MAMA: Haya. Unajua magharibi ipo. Saa tisa alasiri kichwa kinakuuma, lakini unatazama jua, unajua hili jambo lina mwisho, na mwisho wake hauubuni wewe. Njaa yako ya sasa umeinyima magharibi. Hujui itakwisha lini. Itakwisha ukifika kilo 70? Lini hiyo? Mtu gani anafunga swaumu isiyo na adhana?

Nimekaa na maneno haya tangu siku ile. Katika yote niliyoyasoma juu ya kupunguza uzito sijaona mahali palipoelezwa hivyo, na naamini ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Anayehesabu kalori huambiwa avumilie, haambiwi mpaka saa ngapi. Kalori 1,500 za wifi yangu zingetosha kabisa kuwa na magharibi tatu kwa siku: ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, kila moja ya 400 na kidogo, na zikabaki kama 200 za saa nne usiku, zimeandikwa daftarini tangu asubuhi, halali yake. Yai la kuchemsha ni kalori 70 au 80. Kikombe cha mtindi mtupu hakifiki 200. Anaweza kula akiwa ameketi mezani, taa inawaka.

Naitaja taa kwa sababu. Miaka sita iliyopita nilijiweka kwenye matango na maji ya ndimu wiki mbili, nikiwa na harusi ya kuhudhuria na gauni lisilofunga zipu. Usiku wa kumi na mbili niliamka nikala mkate mzima, silesi juu ya silesi, nimesimama gizani, kwa sababu sikutaka mume wangu aone mwanga wa jikoni. Nakumbuka jinsi mkate ulivyokuwa mkavu na jinsi nilivyoogopa sauti ya karatasi yake. Asubuhi nilijiadhibu kwa kutokula, na usiku uliofuata nikarudi pale pale. Mara ya kwanza nilikuwa na njaa. Mara ya pili nilikuwa na njaa na aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa inashika mkate.

Niliposimulia hili wifi aliinua uso.

WIFI: Jana ilikuwa hivyo. Nilikuwa nahesabu matonge.

SHEMEJI: Matonge?

WIFI: Sinia la watu wanne utalipimaje? Nyumbani nilishapima tonge langu la ugali, linakuja gramu 40, kalori kama 50. La pilau nalo nilishalipima. Kwa hiyo kwenye sinia nahesabu matonge. Jana nilifika la kumi na tatu, biharusi akaingizwa, watu wakapiga vigelegele, hesabu ikanipotea. Nikajiambia basi, siku imeshaharibika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Zile kaimati sikuzila kwa njaa. Nilizila kwa sababu siku ilikuwa imeshaharibika.

Kiswahili kina jina la jambo hili: liwalo na liwe. Wanasaikolojia walilipima mwaka 1975. Waliwapa watu maziwa matamu mazito wanywe, kisha wakawawekea aiskrimu wale kiasi wanachotaka. Wasiojinyima chakula walikula aiskrimu kidogo zaidi baada ya maziwa, kama tumbo lenye akili linavyofanya. Waliokuwa wakijinyima walikula nyingi zaidi kuliko wenzao wanaojinyima ambao hawakupewa maziwa kabisa. Mstari ukishavukwa, walinzi wote wanaondoka zamu.

MAMA: Mwenye kula mchana wa Ramadhani kwa kusahau hufanya nini?

WIFI: Anaendelea na swaumu yake.

SHEMEJI: Dada hakusahau, Mama. Alijua.

MAMA: Haya, aliyekula makusudi. Anatubu, anajizuia mpaka magharibi, na Ramadhani ikiisha analipa siku ile moja. Hajiambii siku imeharibika akaingia hotelini kuagiza wali. Wala halipi siku saba.

Shemeji alinyamaza kidogo. Halafu akafanya jambo lililonifurahisha sana: akamtetea dada yake kwa silaha zake mwenyewe.

SHEMEJI: Nisikilize, dada. Hiyo kilo moja na gramu 800 si mafuta. Ingekuwa mafuta yote, ungekuwa umekula karibu kalori 14,000 juu ya unazotumia. Hakuna anayezila kwenye harusi moja. Umekula chumvi nyingi, chumvi imeshika maji. Umekula wanga mwingi, mwili umeuhifadhi kwenye misuli na ini, na kila gramu yake hukaa na gramu kama tatu za maji. Na chakula chenyewe bado kiko tumboni. Jana umeandika ngapi?

WIFI: Sijaandika. Ukurasa nimeuacha mtupu.

SHEMEJI: Kadiria.

Alikadiria kwa sauti, vidole vikihesabu mapajani: pilau, kuku, kaimati sita, soda, na chai ya asubuhi. Ikafika 2,900. Kwa uzito wake na kazi yake anatumia kama 2,000 kwa siku. Zilizozidi ni 900.

SHEMEJI: Kalori 900 ni mafuta yasiyofika gramu 120. Ukilinganisha na mpango wako wa 1,500, umezidisha 1,400. Wewe unakosesha mwili 500 kila siku. Kwa hiyo harusi imekula siku zako tatu hivi. Ndiyo hasara yote.

MIMI: Siku tatu. Na wewe ulitaka kumfungisha leo na kumpa 900 wiki nzima.

SHEMEJI: Nilisema alipe. Bado nasema alipe. Usipolipa, kila harusi itakuwa hivyo, na Tanga hapa harusi haziishi. Lakini zile 1,400 anaweza kuzilipa 100 kwa siku, wiki mbili. Hata hatazihisi.

MIMI: Au asilipe kabisa, arudi kwenye 1,500 leo hii, saa hii, aanze na kifungua kinywa. Siku tatu katika mwaka ni nini?

SHEMEJI: Hapo hatukubaliani, shemeji.

Hatukukubaliana mpaka mwisho, na sidhani kama ni lazima. Ninachokiogopa kwenye neno "kulipa" ni mlango wake wa nyuma: anayelipa 100 leo, kesho atajiona mwema akilipa 300. Anachokiogopa yeye ni mtu anayejisamehe kila Jumamosi. Amewaona wengi jimu, naye huumia wanapokata tamaa. Najua huumia kweli.

Wakati huo Mama alikuwa ameshapeleka sufuria jikoni na kitunguu kimeanza kunukia. Wifi alimfuata na mizani yake. Safari hii hakupima mchicha. Aliiweka chupa ya mafuta juu ya mizani: gramu 812. Akamrudishia mama yake.

WIFI: Tia kama unavyotia siku zote, Mama. Usinitazame mimi.

Mama alimimina kwa mkono aliouzoea miaka hamsini, mduara mmoja, kisha kidogo tena pembeni. Chupa ikarudi kwenye mizani: 767. Gramu 45 za mafuta ni kalori 400. Mboga ya watu wanne, kila mmoja 100 za mafuta peke yake. Wifi alifungua daftari kurasa za nyuma, akaweka kidole. Kila Jumapili aliyokula kwa mama yake alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri wa kiualimu: mchicha, 40.

WIFI: Na nyumbani dada wa kazi ndiye anayepika. Maharage, samaki wa kukaanga, kila kitu. Wiki mbili nimeganda, najiona sina nidhamu.

MIMI: Mwaka 1992 kule New York walichunguzwa watu kumi walioapa kwamba wanakula kidogo sana na hawapungui. Ilibainika wanakula karibu mara mbili ya wanachoandika. Wala hawakuonekana watu wa kudanganya. Waliamini walichokiandika.

Nikamwambia pia kwamba simu yake yenye programu ya kalori, iliyojaa vyakula vya Marekani, si ya kutegemewa kwa mchicha wa Mama. Tanzania ina jedwali lake la viinilishe vya vyakula, lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, nalo lina vyakula vyetu. Hata hivyo jedwali lolote halijui mkono wa mpishi. Linaloujua ni kijiko, na kijiko kimoja cha chakula kilichojaa mafuta ni kalori kama 120.

SHEMEJI: Umeona? Zile 100 za kila siku zimepatikana. Lipa kwa kijiko cha mafuta, tumbo ulishibishe.

Mama alikaa chini, hakufurahi.

MAMA: Chakula kikipimwa hivi kinaondoka baraka. Mimi nimewalea kwa mkono huu. Leo mkono wangu umekuwa ugonjwa?

WIFI: Hapana, Mama.

MAMA: Jana kwenye sinia, yule ndugu yetu alikusukumia mnofu akakwambia kula, umekonda, watu watasema umeachika. Nilimsikia. Niliumia. Lakini nilitaka ule. Nilitaka na mimi wakuone umenawiri.

Hakuna aliyejibu upesi. Kwetu mtu akipungua anaulizwa anaumwa nini au mumewe anamtesaje; akinenepa anapongezwa. Wifi yangu anabeba njaa yake na macho ya ukoo mzima juu yake, na hakuna safu ya daftari ya kuandikia macho ya watu. Nilimwona anamshika mama yake mkono, ule wa kumiminia mafuta.

WIFI: Nataka nisifike kwenye sindano, Mama. Ndiyo hilo tu.

Mama alitazama mkono ulioshikwa. Kisha akauliza tutakula nini asubuhi hii, maana mchicha peke yake si chakula.

Nilikuwa na jibu nililolihifadhi muda mrefu. Mwaka 1995 huko Sydney walipima vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori sawa, waone kipi kinamshikilia mtu tumboni kwa saa mbili. Kilichoshinda vyote kilikuwa viazi mviringo vya kuchemsha, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Kilichoshika mkia ni zile keki za siagi wanazopenda Wafaransa asubuhi. Kiazi kile kile kikiwa chipsi kilikuwa mbali sana nyuma ya cha kuchemsha. Samaki naye alikaa juu.

MAMA: Viazi vya kuchemsha na dagaa. Hilo lilihitaji kwenda mpaka Sydney?

Wifi alipima viazi: gramu 300, kalori 250 hivi. Dagaa wakavu kiganja kimoja, wamerostiwa na nyanya. Mchicha, safari hii aliandika 140. Kabla hajala alirudi nyuma ukurasa mmoja. Nilimwona kalamu imesimama juu ya ile karatasi tupu. Kisha akaandika: Jumamosi. Harusi. 2,900. Hakuzungushia wino mwekundu kama alivyowahi kufanya huko nyuma. Chini yake akapiga mstari kwa rula, akaanza Jumapili, na pembeni akaongeza safu mpya aliyoipa jina "saa nne usiku", akatia 200.

Alikula polepole, akamaliza sahani yote. Shemeji alikula mara mbili yake.

Mchana Mama alipika maharage ya nazi. Wifi alikuwa nje anaanua nguo, akauliza kwa sauti kupitia dirisha la jikoni:

"Mama, mafuta umetia vijiko vingapi?"

"Viwili."

Kimya kidogo. Mwiko uligonga ukingo wa sufuria.

"Andika vitatu, mwanangu. Kimoja nilitia ulipotoka."